Leseni ya Chupa: Habari za Duka, Kilabu na Grosari katika Dar es Salaam

Mgeni aliyezoea neno grosari katika miji ya nchi nyingine aweza kupotea akifika Dar es Salaam. Akiuliza grosari ili anunue unga, sukari au sabuni, huenda akaelekezwa mahali penye viti vya plastiki, friji la bia, na watu walioketi kuzungumza baada ya kazi. Unga na sukari huuzwa dukani. Grosari ni mahali pa kunywea. Kwa asili neno hilo ni la Kiingereza, na katika lugha hiyo ni jina la duka la vyakula. Maana yake ya Dar es Salaam haikutungwa na mwanachuoni, wala haikutangazwa na Serikali. Ilizaliwa mitaani, na mitaa ikaikubali.

Maneno ya mji hayahami bure. Neno likiacha nyumba yake ya kwanza, aghalabu ipo sheria iliyolisukuma na ipo haja iliyolipokea. Habari ya neno hili ni sehemu ya habari kubwa zaidi: nani aliruhusiwa kuuza chupa katika mji huu, nani aliruhusiwa kuinunua, na nani aliaminiwa kwenda nayo nyumbani kwake. Mambo hayo matatu huonekana kuwa moja, lakini si moja. Na sehemu kubwa ya siasa ya vileo katika Dar es Salaam imetokana na kuchanganywa kwake.

Mzizi wa sheria yenyewe uko Uingereza. Mwaka 1860 Waziri wa Fedha wa nchi hiyo, William Gladstone, alipunguza ushuru wa mvinyo baada ya mapatano ya biashara na Ufaransa, na sheria ya mwaka huohuo ikawaruhusu wenye maduka kuuza mvinyo kwa chupa ili uchukuliwe nyumbani. Hoja yake ilikuwa kwamba mvinyo mwepesi unaonywewa pamoja na chakula ungewaondoa watu katika ulevi wa vilabuni. Wapinzani wake walikuwa wa namna mbili, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Wenye vilabu waliogopa kupokonywa wateja. Waliohubiri kuacha pombe waliogopa nyumba yenyewe: walisema kwamba mke atanunua chupa kwa mwenye duka, aiandikishe katika hesabu ya chai na sukari, na mumewe alipe asijue alicholipia.

Ugomvi huo haukwisha Uingereza, wala haukubaki huko. Katika Marekani, marufuku ya vileo ilipoondolewa mwaka 1933, kila jimbo liliachiwa kujipangia. Hata jimbo la Tennessee lilianza kuruhusu mvinyo katika maduka ya vyakula mwaka 2016 tu, baada ya wananchi wa miji yake kupiga kura. Lakini jambo linalohusu Afrika ya Mashariki ni lile lililobaki katika vitabu vya sheria vya Waingereza na kusafiri pamoja nao: mgawanyo wa leseni mbili. Moja ni ya kuuza kileo kinachonywewa papo hapo, mbele ya muuzaji. Ya pili ni ya kuuza chupa iliyofungwa, mnunuzi aichukue na kuondoka. Leseni ya kwanza ni ya baa na hoteli. Ya pili ni ya duka. Ya kwanza humweka mnywaji machoni pa watu. Ya pili humwamini.

Sheria hiyo ilipofika Afrika ya Mashariki ilikuta mikataba mingine imeitangulia. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuwa umezuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mkataba uliotiwa sahihi Saint-Germain-en-Laye mwaka 1919 uliongeza nguvu makatazo hayo, na Uingereza ilipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa mwaka 1922, masharti ya udhamini yaliitaka isimamie kwa ukali uuzaji wa vileo vikali. Waliotunga mikataba hiyo walisema kwamba wanamlinda Mwafrika. Haifai kusema kwamba yote yalikuwa uongo, kwa maana pombe za biashara zilikuwa zimeleta madhara ya kweli katika pwani za bara hili, na wako wafanyabiashara waliotajirika kwa madhara hayo. Lakini ulinzi usioulizwa na anayelindwa hugeuka upesi kuwa kizuizi.

Tanganyika basi ikawa na sheria mbili za vinywaji. Moja ilihusu vileo vya Kizungu: bia ya chupa, mvinyo na pombe kali. Ya pili ilihusu pombe za wenyeji: tembo la mnazi, na pombe za mtama, mahindi na asali. Mzungu aliyetaka mvinyo aliununua. Mwafrika hakuruhusiwa kuununua, ila kwa kibali maalumu alichopewa mtu mmoja mmoja. Sheria haikupima tabia ya mnywaji, wala umri wake, wala mapato yake; ilipima asili yake. Kwa hiyo leseni ya muuzaji ilikuwa na nusu ya pili isiyoandikwa juu ya karatasi yake, nayo ni rangi ya mkono unaopokea chupa.

Ramani ya Dar es Salaam ilisaidia sana sheria hiyo. Mji ulioanzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860 ulikuwa mji wa minazi, na penye minazi pana mgema. Methali ya mgema anayelitia tembo maji akisifiwa haikuhitaji kufasiriwa kwa mtu wa Mrima. Wajerumani walipoufanya mji huo makao makuu mwaka 1891, walijenga ofisi na nyumba zao upande wa Kivukoni, mbele ya bandari, na amri ya ujenzi ya mwaka 1914 ikaugawa mji katika sehemu tatu kwa namna za nyumba. Waingereza waliurithi mgawanyo huo na kuutumia. Nyumba za Kizungu zilikaa upande wa bahari, maduka ya Wahindi katikati, na nyumba za Waafrika upande wa magharibi, mahali palipoitwa Kariakoo kwa sababu kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza kilipiga kambi pale wakati wa vita. Uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya sehemu hizo.

Mtu aliyetembea kutoka Kivukoni hadi Kariakoo katika miaka ya 1930 alipita, kwa muda usiofika saa moja, katika nchi tatu za kunywa. Karibu na bandari palikuwa na klabu ya Wazungu, na hoteli iliyoitwa Kaiserhof wakati wa Wajerumani na New Africa wakati wa Waingereza. Huko mvinyo ulimiminwa mezani. Katika barabara ya Acacia, ambayo leo ni barabara ya Samora, na katika njia za karibu yake, palikuwa na maduka yaliyouza jibini na biskuti za makopo, na juu ya rafu hizohizo chupa za mvinyo. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja, pombe ya wenyeji iliruhusiwa kuuzwa mahali palipoamriwa, chini ya usimamizi wa wakuu wa mji, kwa saa zilizowekwa na kwa ada. Kariakoo ilikuwa na soko la chakula. Ikawa pia na soko la pombe.

Mpango huo haukuwa wa Dar es Salaam peke yake. Mji wa Durban, katika Afrika ya Kusini, ulianza mwaka 1909 kujitwalia biashara yote ya pombe ya Waafrika na kulipia gharama za mitaa yao kwa faida yake, na Nairobi iliufuata mfano huo katika miaka ya 1920. Dar es Salaam ilikuwa na njia zake, lakini shabaha ilikuwa ileile: mnywaji wa Kiafrika anywe mahali panapoonekana na panapohesabika. Wakuu wa miji walipata mambo mawili kwa pamoja, amani na fedha. Na mamlaka yakishazoea fedha ya ulevi, ni vigumu kuyashawishi kwamba kazi yake ni kuupunguza.

Hapo ndipo maana ya leseni ya chupa hudhihirika. Tofauti kati ya Kivukoni na Kariakoo haikuwa kwamba huku walikunywa na huku hawakunywa. Kote kulikuwa na wanywaji na wasiokunywa. Tofauti ilikuwa mahali pa kunywea. Mtu wa Kivukoni alipewa haki ya duka: kununua, kufunga, kuchukua, na kunywa nyuma ya mlango wake bila kuulizwa. Mtu wa Kariakoo aliwekewa kilabu: anywe sasa, anywe hapa, anywe akionekana. Boi aliyefungua chupa ya bwana wake mezani, akaimimina bila kumwaga tone, akaosha bilauri na kuzirudisha kabatini, hakuweza kununua chupa kama hiyo kwa mshahara wake mwenyewe. Aliaminiwa ufunguo wa kabati, asiaminiwe kilichomo. Haikuwa lazima mtu huyo apende mvinyo ili aone uchungu wa jambo hilo. Mwislamu asiyegusa kileo aliweza kuuona vilevile, kwa kuwa kuacha jambo kwa hiari ni utu, na kukatazwa jambo analoruhusiwa mwingine ni kupunguziwa utu.

Upande wa pili wa habari hii ni wa wanawake. Pombe ya Kariakoo ilipikwa na wanawake, wengi wao wasiokuwa na kazi nyingine ya kuleta fedha katika mji ambao ajira zake zilikuwa za wanaume. Kwa pombe walilipa kodi ya chumba, walisomesha watoto, na wengine walijenga nyumba. Sheria iliyowaruhusu kuuza mahali palipoamriwa ndiyo iliyowafanya wahalifu walipouza uani. Askari walipofanya msako, mali iliyomwagwa ilikuwa kazi ya siku kadhaa na unga uliokopwa. Ni jambo la kukumbukwa kwamba TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, katika mitaa hiyohiyo ya Kariakoo, na Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwakusanya wanawake, miongoni mwa waliojiunga mapema walikuwamo wapika pombe na viongozi wa vikundi vya ngoma. Walikuwa na fedha kidogo ya kwao wenyewe, walijuana mtaa kwa mtaa, na hawakuhitaji kuelezwa maana ya Serikali inayoingia uani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili vizuizi vya rangi vililegezwa hatua kwa hatua, bia ya chupa kwanza, kisha vileo vingine. Askari waliorudi kutoka Burma walikuwa wameona mengi, na viwanda vya bia vilikuwa vimeona soko. Baa zikaongezeka Kariakoo na Ilala, na chupa ikawa na heshima iliyozidi ladha yake. Karani aliyeweka chupa ya bia mbele yake hakuwa akikata kiu tu. Alikuwa akionyesha kwamba yale yaliyokuwa ya Kivukoni yamevuka Mnazi Mmoja. Kwa sababu hiyo chupa iliweza pia kuwa silaha ya siasa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma, watu wa mji walihimizwa kuiacha bia hiyo. Na kile kilichokuwa alama ya kupanda cheo kikawa, kwa muda, alama ya kuwasaliti wenzako.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 ubaguzi wa rangi mbele ya leseni haukuwa na mahali pa kusimama. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 ilikusanya katika kitabu kimoja mambo ambayo wakoloni waliyatenga, ikataja leseni za namna nyingi: ya baa, ya hoteli, ya mkahawa, ya klabu ya wanachama, ya muuzaji wa jumla, ya muuzaji wa chupa za kuchukua, na ya pombe za kienyeji. Katika karatasi hiyo hakuna rangi ya mtu. Hili lilikuwa tendo la haki, na lisichukuliwe kuwa dogo.

Hata hivyo mgawanyo wa Gladstone ulibaki, na pamoja nao dhana iliyofichika ndani yake. Sheria inayoruhusu chupa ichukuliwe nyumbani hudhani kwamba kuna nyumba. Humwona mnunuzi akiwa na chumba cha kulia, meza, kabati, na mlango anaoweza kuufunga. Kariakoo haikujengwa hivyo. Nyumba yake ya kawaida ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma, na kila chumba mpangaji wake. Katika chumba kimoja walilala baba, mama na watoto. Ukutani upande wa pili alikaa jirani ambaye huenda alikuwa mtu wa swala tano. Uani choo na jiko vilikuwa vya wote. Mtu wa namna hiyo akipewa chupa na kuambiwa aipeleke nyumbani, aipeleke wapi? Sheria ilimpa haki ya mtu wa Kivukoni bila nyumba ya mtu wa Kivukoni.

Kutokana na hali hiyo, mtaa ulifanya ulichoweza. Duka lenye leseni ya chupa lilikuwa na kibaraza, na katika miji ya pwani baraza ni mahali pa mazungumzo tangu zamani. Mnunuzi alisimama kidogo kabla ya kuondoka. Kesho yake alikalia kreti. Siku nyingine mwenye duka alitoa benchi, kisha kifungulio cha chupa, kisha bilauri. Unga na sukari vilirudi nyuma rafu moja baada ya nyingine, mpaka vikatoka kabisa. Kilichobaki kilikuwa jina lililokuwa juu ya mlango. Hivyo ndivyo ilivyo busara kuielewa grosari: ni duka la kuchukua lililogeuka mahali pa kukaa kwa sababu wateja wake hawakuwa na pa kuchukulia.

Historia ya uchumi iliharakisha mageuzi hayo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Serikali ilitwaa biashara kubwa ya kuagiza na kuuza bidhaa kwa jumla, na ikaingia pia katika umiliki wa kiwanda cha bia. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilijaribu kuweka maduka ya ujamaa na ya ushirika mahali pa maduka ya watu binafsi. Kisha ukaja upungufu wa miaka ya mwanzo ya 1980, ambapo sabuni na sukari zilikuwa adimu, na kreti la bia lilikuwa mali ya kupewa kwa kujuana. Mwaka 1983 Serikali ilipiga vita wahujumu uchumi. Mwaka 1984 ikaanza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa. Kiwanda cha bia kilipopata mbia kutoka Afrika ya Kusini mwaka 1993, bia ikawa tele. Watu wengi waliopunguzwa kazini katika miaka hiyo walihitaji biashara ndogo, na biashara ya friji moja na viti kumi haikuhitaji mtaji wa hoteli. Grosari zikaenea kutoka Kariakoo hadi Sinza, Mwananyamala na Mbagala.

Wakati huohuo mvinyo uliingia kwa mlango mwingine. Maduka makubwa ya kujihudumia yalipofunguliwa, miongoni mwao Shoprite ya Afrika ya Kusini mwanzoni mwa miaka ya 2000, chupa za mvinyo ziliwekwa mstari mmoja na mafuta ya kupikia na maziwa, kwa bei iliyobandikwa, bila benchi wala kibaraza. Mnunuzi wake alikuja kwa gari na kuondoka kwa gari. Mgawanyo wa zamani ukarudi bila kutamkwa: wenye nyumba za nafasi walinunua chupa kimya na kwenda nayo, wenye chumba kimoja walikaa grosari mbele ya macho ya mtaa. Kelele, saa za kufunga na msako huwahusu zaidi hao wa pili. Rangi imeondoka mlangoni, kuta zimebaki.

Nchi yenyewe ina sababu ya kufikiri vizuri juu ya rafu hizo, kwa kuwa mvinyo si mgeni mtupu Tanzania. Zabibu hulimwa Dodoma, ambako wamisionari wa Bihawana walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuzipanda na kutengeneza divai, na ardhi ile huwezesha mavuno mawili kwa mwaka. Katika miaka ya 1980 palikuwa na kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO, iliyokuja kufa. Baadaye viwanda vya watu binafsi vikaanzishwa. Wakulima wamelalamika mara nyingi kwamba zabibu zao hukosa wanunuzi, huku rafu za Dar es Salaam zikijaa chupa za nchi za mbali. Kwa mkulima huyo swali la mvinyo katika duka si swali la anasa ya mjini. Ni swali la kodi, la usafirishaji, na la nani anapata nafasi kwenye rafu.

Wapinzani wa chupa katika duka la vyakula wana hoja ambayo haifai kupuuzwa. Wao husema kwamba duka ni mahali pa watu wote. Mtoto hutumwa dukani kununua chumvi. Mwanamke huenda asubuhi kwa mkate. Shehe, padri na mlevi hukutana mbele ya kaunta moja. Baa inaweza kuepukwa na asiyeitaka, lakini duka haliepukiki. Chupa ikikaa kati ya unga na sabuni, hupata sura ya kitu cha lazima. Hoja hii hutolewa na Waislamu wengi wa Kariakoo, na hutolewa pia na Wakristo ambao makanisa yao hukataza kileo. Nguvu yake ilionekana wazi katika habari ya viroba.

Kiroba kilikuwa pombe kali iliyotiwa katika kifuko kidogo cha plastiki, cha bei ya chini, kinachoingia mfukoni. Chombo hicho kilivunja sheria zote za kale kwa wepesi wake. Hakikuhitaji bilauri, benchi wala kifungulio. Kiliuzwa katika vibanda na kando ya vituo vya mabasi, na vijana walikinunua kama wanavyonunua peremende. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza Februari 2017 kwamba pombe ya namna hiyo itapigwa marufuku, na marufuku ikaanza tarehe 1 Machi mwaka huo. Wako waliopoteza mali na kazi, lakini wengi waliikubali amri hiyo, hata miongoni mwa wanywaji. Walitambua kwamba kuna tofauti kati ya kumwamini mtu mzima na kumwachia mtoto.

Nchi jirani nayo imo katika swali hilohilo. Julai 2025 Serikali ya Kenya ilitoa sera ya taifa juu ya vileo na dawa za kulevya, iliyopendekeza umri wa kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na uuzaji wa vileo uondolewe katika maduka makubwa na mahali pengine pa watu wote. Kelele zilikuwa nyingi, na wahusika wakaeleza kwamba sera si sheria mpaka itungiwe sheria. Wenye baa, wenye maduka, viongozi wa dini na wazazi walisema maneno ambayo Waingereza wa wakati wa Gladstone wangeyatambua bila mkalimani.

Yote haya yakipimwa pamoja, huonekana kwamba kila sheria ya chupa ina picha ya mnunuzi ndani yake. Sheria ya mkoloni ilikuwa na picha ya mtu wa Kivukoni anayeaminika na mtu wa Kariakoo anayehitaji kuangaliwa. Sheria ya baada ya Uhuru ilifuta picha hiyo, lakini iliacha picha ya nyumba ambayo wapangaji wengi hawakuwa nayo. Grosari ni jibu la mtaa kwa sheria hiyo. Si jibu zuri kwa kila hali: jirani hukosa usingizi, na mishahara mingi imeishia kwenye viti vile. Lakini ni jibu, na mwenye kutaka kulifuta yampasa kwanza ajue swali lililoulizwa.

Basi wanaobishana kama mvinyo ukae katika duka la vyakula au usikae, wangefanya vema kuanza mahali pengine. Waulize kama sheria wanayoitaka itamhukumu mtu kwa anachokifanya au kwa ukubwa wa nyumba yake. Kama itamlinda mtoto bila kumfanya mtu mzima kuwa mtoto. Kama mwanamke apikaye pombe uani na mfanyabiashara mwenye duka kubwa watapimwa kwa mizani moja. Mji uliowahi kugawanywa kwa uwanja mmoja wa minazi unajua gharama ya mizani miwili. Chupa ni ileile pande zote za Mnazi Mmoja. Sheria nayo yafaa iwe ileile.